Dhahabu Nyekundu

Wajukuu zangu, dhahabu mnaijua. Mmeona wachimbaji wadogo wakitoka kwenye duara na vumbi kichwani, mmesikia karasha zikisaga mawe kutwa. Hiyo ni ya njano. Leo sikieni habari ya dhahabu nyekundu, ambayo wengi wenu mmeshaiona bila kuambiwa ni nini.

Mashimo yaliyoachwa hujaa maji ya mvua, na mbu hawangoji mwaliko. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 uliwakuta na malaria watoto 17 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Geita. Basi mtoto anachemka homa, anapelekwa zahanati. Muuguzi anamchoma kidole, anaweka tone la damu kwenye kipimo, anadondoshea dawa yake. Mnasubiri kama dakika 15 au 20. Mstari wa kwanza unasema kipimo ni kizima. Ukitokea wa pili, malaria ipo.

Mistari ile ni dhahabu! Chembe zake ni ndogo ajabu: panga 2,000 bega kwa bega, ndipo zifikie unene wa unywele mmoja. Dhahabu ikiwa ndogo hivyo hunywa mwanga wa kijani, sisi tukabakiwa na wekundu. Chembe hizo zimevikwa kingamwili zinazong'ang'ania protini ya kimelea cha malaria. Zikipita kwenye kitepe na mateka wao, zinanaswa mahali pamoja, na mstari unajichora.

Shida ni mstari hafifu. Kanuni inasema hata ukififia vipi, ni mstari. Lakini foleni ndefu na jicho lililochoka vina kanuni zao. Ndiyo maana kukatengenezwa kisomaji: kijisanduku chenye taa na kamera, kinachopima wekundu wa mstari, kinachunga dakika, kisha kinatuma jibu kwa mtandao wa simu. Watafiti hapa Tanzania walikijaribu kimoja, Deki Reader, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo: kwa sehemu kubwa kiliafikiana na macho ya wataalamu. Baadaye kilijaribiwa pia katika vituo vya afya vya jeshi vijijini.

Kina upofu wake, lakini. Protini ile hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na kamera itauona mstari uleule. Kuuliza "Mama, huyu alimaliza lini dawa mseto?" bado ni kazi ya muuguzi.