Kitabu cha Gari na Barabara ya Wamaza

Land Cruiser nyingi zinazofika Kasongo bado zina kitabu cha mtengenezaji ndani ya kisanduku cha dashibodi. Ukikifungua utakuta ratiba mbili za matengenezo: ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu, na hiyo ya pili mara nyingi ni nusu ya ya kwanza. Kitabu chenyewe kinaeleza ugumu ni nini: vumbi, tope, mzigo mzito, mwendo wa polepole kwa muda mrefu. Kwa anayeendesha kati ya Kasongo, Wamaza na Kabambare, hayo ni maisha ya kila siku. Ratiba ya kwanza haituhusu. Ikiandikwa humo kwamba oili ibadilishwe kila kilomita 10,000, sisi tusome 5,000.

Hata hizo 5,000 zina walakini. Mvua zikikolea, gari hushinda likinguruma kwa gia ya kwanza na ya pili huku mita ya kilomita ikisogea kidogo tu. Kinachochosha oili ni joto na saa za kazi. Wenye jenereta wanalijua hilo siku nyingi: jenereta haiendi popote, lakini oili yake hubadilishwa kwa saa. Daftari la gari nalo liandikwe saa za safari pamoja na kilomita.

Lakini wengi wetu hatuna Land Cruiser. Tuna pikipiki, na Maniema ya kusini pikipiki ndiyo teksi, ndiyo lori, na usiku wa shida ndiyo gari la wagonjwa. Pikipiki ndogo ya 125 hubeba oili karibu lita 1 tu, na lita hiyo ina kazi tatu: kulainisha injini, kulainisha giaboksi na kupoza klachi, kwa sababu vyote viko ndani ya nyumba moja. Ndiyo maana huchoka upesi kuliko oili ya gari. Anayepakia abiria wawili na gunia kila siku, nampa wiki mbili, asizidishe.

Tena si kila oili inafaa. Baadhi ya oili za magari ya kisasa hutiwa viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki hushika kwa msuguano huohuo. Ukizitia, klachi itaanza kuteleza mlimani, injini inalia lakini gurudumu halina nguvu, na fundi atakuuzia sahani mpya za klachi usizozihitaji. Tazama mgongo wa chupa: palipoandikwa JASO MA au MA2, hicho ni kipimo cha Kijapani cha oili za pikipiki. Uzito wa oili ufuate kitabu chako, usifuate chupa ya jirani.

Rangi nyeusi isikutishe sana, hasa kwenye injini ya mazuti (dizeli), kwani oili yake huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Ya kuogopa ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo imeingia maji, na injini isiwashwe tena mpaka ijulikane yalipopitia.

Kiangazi adui ni vumbi. Mchanga wa barabarani una chembe za madini ya kwazi (quartz), ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Filta ya hewa ikipasuka, au ikifungwa bila kukaa vizuri, chembe hizo huingia na kusugua silinda na ringi za pistoni mpaka injini ianze kula oili na kutoa moshi wa buluu. Filta ya sponji, iliyo kwenye pikipiki nyingi, ioshwe kwa maji na sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, ikaushwe kivulini, kisha ipakwe oili kidogo ili inase vumbi. Filta ya karatasi haioshwi. Hupulizwa kwa upole kutoka ndani kwenda nje, na ikichoka hutupwa. Kuna vijana wanaoiondoa kabisa ili pikipiki "ipumue". Inapumua kweli, kwa miezi michache.

Suala la mafuta linahitaji uvumilivu zaidi. Sehemu kubwa ya esansi (petroli) na mazuti yanayouzwa kandokando ya njia zetu yamepita kwenye pipa, kisha kwenye bidoni, kisha kwenye chupa. Kila kituo huongeza kitu: kutu, mchanga, maji ya mvua yaliyosimama juu ya mfuniko wa pipa, au mkono wa muuzaji. Maji ni rahisi kuyakamata. Lita ya maji ina uzito wa kilo 1, ya mazuti kama gramu 840, ya esansi kama gramu 740, hivyo maji hukaa chini daima. Mimina kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie, tazama kitako. Ukinunua kutoka kwenye pipa, pipa lisiwe limetoka kuviringishwa, na lile salio la mwisho mwachie mwenyewe. Esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo hujifichua: dondosha tone kwenye karatasi safi. Esansi safi hupaa katika dakika chache na kuacha karatasi kavu, ila mafuta ya taa huacha doa.

Magari mengi ya mazuti yana kikombe cha kutenga maji chini ya filta ya mafuta, chenye kizibo kidogo cha kulegeza kwa mkono. Kimwagwe maji kila wiki wakati wa mvua, na kila unapotilia shaka mafuta uliyotia. Kazi hiyo haifiki dakika tano. Pampu ya nozeli, ambayo maji huiharibu, haipatikani Kasongo kirahisi, na ikiagizwa hukaa njiani wiki kadhaa huku gari likiota majani.

Halafu kuna maji ya kuvuka. Njia hii ya Kasongo na Kabambare ni ya zamani kuliko magari. Misafara ya karne ya 19, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, ilipitia Kabambare kwenda Kasongo, na wapagazi waliingia mtoni kwa miguu. Shofea naye aingie kwa miguu kwanza, au amtume anayejua kuogelea, apime kina na ugumu wa mchanga. Maji yakifika kwenye mdomo wa kuvuta hewa, usijaribu bahati. Hewa hubanwa ndani ya silinda, lakini maji hayabanwi, kwa hiyo pistoni ikikutana nayo mkono wake hupinda papo hapo. Injini ikizimika katikati ya mto usiiwashe tena. Isukumeni nje, ng'oeni plagi au nozeli, ndipo muizungushe ili itapike maji.

Hatari nyingine haionekani. Difu ikitoka safari huwa ya moto, na ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupitia sili zilizochakaa. Ina bomba dogo la kupumulia linalopaswa kuzuia hilo, lakini mara nyingi nimelikuta limezibwa na tope. Lisafishwe. Na kabla ya kuingia kwenye maji ya kina, simamisha gari dakika chache difu ipoe, halafu jioni legeza kizibo cha difu uone oili. Rangi ya chai ya maziwa hapa pia ni hukumu ileile.

Ukishatoka majini, kanyaga breki kidogokidogo huku gari likienda mpaka zishike tena. Kikombe cha mafuta ya breki kisiongezwe oili ya injini hata siku moja, maana huvimbisha raba zote za mfumo na breki zikafa zote pamoja. Mafuta yake hunyonya unyevu wa hewa kadiri muda unavyopita, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili hata kama yanaonekana mazuri.

Mengine ni mafupi. Rejeta ipewe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kuliko ya mtoni, na mfuniko wake usifunguliwe ikiwa ya moto. Cheni ya pikipiki ikazwe kwa kipimo cha kitabu na ilainishwe baada ya kila mvua. Upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi.

Muda wa kufanya haya upo. Mvua ikinyesha na bariye ya mvua, kile kizuizi cha barabarani, ikafungwa, shofea wa lori hungoja kwa saa nyingi, na saa hizo zinatosha kukagua oili, filta, bolti za magurudumu na lile bomba la difu.

Kinachokosekana mara nyingi ni mwenye jukumu. Motari, yaani dereva wa pikipiki, humpelekea patroni mwenye pikipiki verseman, zile fedha za kila siku. Patroni anadhani oili ni ya motari, motari anadhani ni ya mwenye pikipiki, na pikipiki inaendelea kufanya kazi ikiwa na oili ya mwezi uliopita. Ushauri wangu kwa wenye vyombo: oili na filta mzinunue ninyi, mziandike kwenye mapatano tangu siku ya kwanza, na siku ya kubadilisha oili msidai verseman kamili.