Posta ya Matope: Usiombe Mvua Ikukute na Bahasha ya Mtu!

Wenzetu wa Ulaya wakisema kugawa barua ni kazi ngumu, wanazungumzia theluji. Sisi wa Ushirombo theluji tunaiona kwenye kalenda yenye picha ya Kilimanjaro. Kimbembe chetu ni tope jeusi la mbugani, na mimi nimeliogelea msimu mzima nikipeleka vifurushi kwa pikipiki.

Tangu enzi za Posta na Simu, iliyogawanywa mwaka 1994, barua zetu nyingi huishia kwenye sanduku, na vijijini sanduku lenyewe mara nyingi ni la shule au parokia. Siku hizi nani ana subira hiyo? Mzigo anapewa konda wa basi, unashushwa kwenye lami ya Isaka–Lusahunga, halafu mshikaji wa bodaboda anamalizia safari. Mwaka 2024 mshikaji huyo nilikuwa mimi.

Mvua za El Nino hazikuwa mchezo. Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamefariki nchini. Huku kwetu tope lilijaa ndani ya madigadi mpaka gurudumu likagoma. Unashuka, unachokoa kwa kijiti, unasogea kidogo, unachokoa tena. Dawa yake ni kung'oa madigadi ya mbele na kukubali kurushiwa tope usoni. Mzigo nao? Rambo zilipigwa marufuku Juni 1, 2019, kwa hiyo nilikuwa naomba madukani nailoni za magodoro. Nje salfeti, ndani nailoni. Bahasha zinakaa kifuani, chini ya koti.

Basi siku moja nikapewa bahasha ya kaki. Ndani vyeti halisi vya binti, na usaili ni kesho yake asubuhi, Geita mjini. Kaka yake akanipigia kutoka Dar: "Ndugu yangu, hapo umebeba maisha ya mdogo wangu. Ukifika kijijini ulizia Mama Kulwa tu, utaonyeshwa."

Ulizia Mama Kulwa! Usukumani kila aliyezaa pacha ni Mama Kulwa. Mwaka 2022 nyumba zilibandikwa namba za anwani za makazi, lakini bahasha haikuwa na namba yoyote, na simu ya binti haipatikani. Mama Kulwa wa kwanza, siye. Wa pili yuko shamba, naye siye. Wa tatu, nikaambiwa, yuko ng'ambo ya mto, na daraja la magogo limeshafunikwa na maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Iache hapa hiyo pikipiki. Na wewe mwenyewe kaa chini."

Nikakaa saa tatu nzima, roho juu, natazama maji yanavyopungua kwenye kijiti alichokichomeka mzee ukingoni. Hela ya kusubiri halipi mtu, lakini wanaokufa mitoni wengi ni wenye haraka. Magogo yalipoonekana, nikavuka kwa miguu.

Giza lilikuwa limeingia. Binti akavihesabu vyeti kwenye mwanga wa kibatari: vikavu vyote. Kisha akaniangalia.

"Kaka, sasa mimi natokaje?"

Hilo hakuna aliyelifikiria. Mama mtu akasema, "Nenda naye, mwanangu." Tukarudi mtoni, viatu mkononi, tukachukua pikipiki kwa mzee. Saa sita usiku nikamwacha stendi Ushirombo kwa mama lishe, asubiri gari la alfajiri.

Kaka mtu alituma shilingi 10,000 za bahasha. Nauli ya dada yake mpaka leo tunabishana.