Zamani chiti ilikuwa ya bure, leo ina bei

JE, wewe ni miongoni mwa wale waliokuwa wakiandika herufi na mishale isiyoeleweka nyuma ya daftari la hesabu, hata mwalimu akadhani umeanza kuipenda aljebra? Kama ndiwe, basi makala haya yanakuhusu. Na ikiwa wewe ni mzazi ambaye pesa zako za simu huyeyuka kila likizo zinapofika, vuta kiti pia.

Likizo zilizopita dada yangu alinipigia simu kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Katika muda wa wiki 2, shilingi 1,500 zilikuwa zimetoka kwenye simu yake, mara 3, shilingi 500 kila mara, ilhali yeye hakuwa amenunua chochote. Nilipofika kwake jioni, mpwa wangu wa miaka 15 alikuwa ameketi pembeni mwa kochi, uso umemshuka. Hakukana. Mamake humpa simu pamoja na nambari yake ya siri akanunue mkate na maziwa, naye akaona si vibaya kujinunulia sarafu za mchezo wake wa kandanda. Si sarafu za kushikwa mkononi. Ni za ndani ya mchezo, nazo huzitumia kubahatisha iwapo atapata mchezaji nyota wa kuweka katika timu yake.

"Lakini Mjomba," akaniambia, "bila sarafu utafungwa kila siku. Wenzangu wote wananunua."

Nilimwuliza kama mchezo huo hauna chiti. Alinitazama jinsi vijana wanavyomtazama mtu anayeuliza bei ya stempu.

"Chiti ni nini?"

Hapo ndipo nilipohesabu umri wangu. Kwa faida yako wewe pia usiyezifahamu, chiti ni mpangilio wa siri wa vitufe au maneno ambao ukiuingiza katika mchezo wa video, mchezo hukupa kile ambacho ungekitolea jasho: roho zaidi, silaha, pesa, au njia ya kuruka hatua iliyokushinda. Wengine huziita chiti kodi, na tafadhali usidhani ninazungumzia kodi ya nyumba.

Sisi tuliokulia katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi tulizijua chiti kabla ya kumiliki mtambo wowote wa kuchezea. Mchezo wa Grand Theft Auto: San Andreas ulitoka mwaka wa 2004 kwa ajili ya PlayStation 2, na muda si muda ulikuwa umefika kwenye kibanda cha mabati karibu na kituo chetu cha matatu, mahali palipokuwa na runinga mbili na benchi moja. Ulilipa shilingi 20 ukacheza nusu saa. (Naomba radhi kwa wazazi wanaosoma: mchezo ule una mauaji na matusi, ulitengenezewa watu wazima, na hatukustahili kuuona. Hakuna aliyetuuliza umri.)

Sasa fikiria nusu saa ya shilingi 20. Ukicheza kwa haki, muda wote unaishia kwa kukimbizwa na polisi na kuamkia hospitalini. Lakini ukijua R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, vitufe 12 tu, unapata afya kamili, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Waliokuwa na kompyuta waliandika neno HESOYAM wakapata zawadi hiyo hiyo. Kijana aliyezijua chiti kwa kichwa aliheshimiwa kuliko mwenye kibanda. Kaka mmoja wa mtaani alizichapisha katika saiba, kurasa 3, akawa anaziazimisha kwa zamu. Tulizinakili kwa kalamu, tukazipeleka shuleni, zikasambaa hadi kwa wasiowahi kushika pedi ya kuchezea maishani mwao. Rafiki yangu mmoja alizikariri zote, na kwao hapakuwa hata na runinga.

Zilikuwa na hatari yake pia, na hapa lazima nijiungamie. Binamu yangu, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa ameucheza mchezo huo kwa karibu miezi 3, akihifadhi hatua zake kwenye kadi ya kumbukumbu aliyoinunua kwa pesa za kibarua. Siku moja alitoka kwenda msalani akaniachia pedi. Niliingiza chiti ya kuanzisha ghasia mjini, nikacheka peke yangu, kisha nikahifadhi. Wanaoujua mchezo huo wanafahamu kosa langu: chiti hiyo ukishaihifadhi haitoki tena. Aliporudi, wapita njia walikuwa wakipigana kila barabara na magari yakiteketea, na yakaendelea kuteketea kesho yake na keshokutwa. Alianza mchezo upya. Hadi leo tukikutana harusini hunitambulisha kwa watu kama yule aliyechoma mji.

Lakini nani alizitia chiti ndani ya michezo, na kwa nini? Jibu linatoka Japani. Mwaka wa 1986, Kazuhisa Hashimoto, mtayarishaji programu wa kampuni ya Konami, alipewa kazi ya kuuhamisha mchezo wa Gradius kutoka mashine kubwa za kumbi za michezo hadi mtambo mdogo wa Nintendo wa nyumbani. Gradius ni mchezo wa kuendesha chombo cha angani huku ukifyatua risasi, nao ni mgumu kama mwamba. Hashimoto mwenyewe ulimshinda. Na utaijaribuje kazi yako ikiwa unakufa kabla ya kufika nusu? Akajiwekea njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Papo hapo chombo chake kikavikwa silaha.

Mchezo ulitoka ukauzwa na njia hiyo ikiwa imebaki ndani, wachezaji wakaigundua. Konami ikaipenda, ikaitia katika michezo mingine. Katika Contra iliyouzwa Marekani mwaka wa 1988, vitufe hivyo 10 vilikupa roho 30 badala ya 3, na kuna watu wazima leo wanaokiri kwamba hawakuwahi kuumaliza mchezo ule kwa njia nyingine. Hashimoto alifariki Februari 2020.

Ukiitazama vizuri, chiti ilikuwa kifaa cha fundi kilichosahauliwa mezani. Baadaye mafundi wakawa wanakisahau makusudi. Mchezo wa Doom wa mwaka wa 1993 ulikuwa na IDDQD, herufi 5 za kukufanya usidhurike na chochote, na watengenezaji hawakudai hata senti moja kwa hilo.

Si kwamba kampuni zote zilifurahia. Mapema katika miaka ya 1990 palikuwa na kifaa kilichoitwa Game Genie, kilichobuniwa na Codemasters ya Uingereza na kuuzwa Marekani na kampuni ya Galoob. Ulikichomeka kati ya kaseti ya mchezo na mtambo wa Nintendo, ukaingiza herufi, roho zikawa haziishi. Nintendo ilikwenda mahakamani kutaka kipigwe marufuku. Mwaka wa 1991 jaji aliamua kwamba mtu aliyenunua mchezo kwa pesa zake ana haki ya kuucheza atakavyo, kama vile msomaji anavyoweza kuruka kurasa za kitabu alichonunua, na mwaka wa 1992 mahakama ya rufaa ikakubaliana naye. Napenda sana mfano huo wa kitabu. Ni nani aliyewahi kushtakiwa kwa kusoma ukurasa wa mwisho kwanza?

Basi zilikwenda wapi? Sababu mbili nitazipitia upesi. Mwaka wa 2005 mtambo wa Xbox 360 ulianza kumpa mchezaji alama za kudumu kwa kila jambo gumu analolitimiza, na mwaka wa 2008 PlayStation 3 ikaleta vikombe vyake. Alama hizo huonekana na marafiki zako, kwa hiyo chiti ingezifanya ziwe takataka. Kisha watu wakaanza kuchezea kwenye intaneti, mtu wa Umoja dhidi ya mtu wa Osaka, na chiti yako wewe ikawa hasara ya mwingine.

Sababu ya tatu ndiyo iliyomliza dada yangu. Tazama mchezo ule ule wa Grand Theft Auto. Toleo la tano lilitoka mwaka wa 2013. Chiti zimo: za afya, za silaha, hata ya kuruka juu kama kiroboto. Ukizitumia, hupati vikombe. Lakini ya pesa haimo kabisa. Na mwaka huo huo wa 2013 ulifunguliwa upande wake wa kuchezea kwenye intaneti, ambako pesa za mchezo huuzwa kwa kadi, kwa pesa halisi za mfukoni mwako. Zile dola 250,000 tulizopewa bure kwa vitufe 12 zimehamia dukani. Mfanyabiashara akupe bure kitu anachoweza kukuuzia, kwani ni mjomba wako?

Kandanda imekwenda mbali zaidi, kwa sababu huuziwi hata mchezaji mwenyewe, unauziwa bahasha iliyofungwa ambayo huenda yumo au hayumo. Nchini Ubelgiji, tume inayosimamia kamari iliamua mwaka wa 2018 kwamba bahasha za namna hiyo ni kamari. Kampuni ya EA, ambayo ilikuwa ikitengeneza FIFA, iliacha kuuza pesa za mchezo huo nchini humo Januari 2019. Mpwa wangu haishi Ubelgiji.

Tusichanganye mambo, msomaji. Kuna hila na hila. Kuujaza mchezo roho 30 ukiwa peke yako sebuleni hakumwibii mtu. Kupakia programu inayokulengea shabaha unapocheza na wenzako ni wizi mtupu, kwani ushindi wao unauchukua wewe. Mwaka wa 2017 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, iliwashtaki watu kadhaa kwa hila kama hizo, na mmoja wao akabainika kuwa mvulana wa miaka 14. Mamake alilazimika kumwandikia jaji barua akimtetea mwanawe. Kadhalika kuna zile za kuahidi sarafu za bure ukibonyeza hapa na kuandika neno lako la siri pale. Mpwa wangu alikiri kwamba alishajaribu. Hakupata sarafu, na akaunti yake ya kwanza hajaiona tena. Hiyo si chiti, ni mtego wa panya.

Je, chiti halisi bado zina maana kwa anayecheza? Nadhani ndiyo, ila zimebadilisha nguo. Wapenzi wa The Sims 4 bado huandika motherlode na kuangushiwa 50,000 za kujengea nyumba, na mchezo huo umekuwa wa bure tangu Oktoba 2022. Wengine wamezitoa gizani kabisa. Celeste, mchezo wa mwaka wa 2018 kuhusu msichana anayepanda mlima, ni mgumu ajabu, lakini una ukurasa ulio wazi ambapo unaweza kupunguza kasi ya mchezo au kumfanya msichana asife. Hakuna vitufe vya siri wala kicheko cha kukudhihaki. Mtu mwenye ulemavu wa mikono, au mama aliye na dakika 20 tu kabla mtoto hajaamka, anaufikia mlima kama wengine. Wapo wachezaji wanaolalamika kwamba huko ni kudekeza watu. Mimi siwaelewi. Mlima wao haujapungua hata inchi moja.

Jioni ile nyumbani kwa dada tulikubaliana juu ya mambo mawili. Nambari ya siri ya simu ilibadilishwa papo hapo, na zile shilingi 1,500 zitalipwa kwa kuosha gari la jirani. Kisha nilitoa kipakatalishi changu kikuukuu mkobani, nikafungua Age of Empires II, mchezo wa mwaka wa 1999 wa kujenga himaya za enzi za mapanga na farasi. Nilimwacha mpwa wangu ajenge. Baada ya nusu saa majeshi ya adui yalikuwa yamemzingira, wapanda farasi kwa wapiga mishale, naye ameshaanza kutafuta kwa macho mahali pa kununua msaada.

"Hakuna duka humo," nikamwambia. "Andika haya."

Nilimsomea sentensi fupi ya Kiingereza inayouliza jinsi ya kuwasha kitu. Aliiandika akiwa na shaka, akabonyeza. Katikati ya ngome ile ya mawe likatokea gari la kisasa la michezo, la rangi ya buluu, likaanza kuwamiminia risasi mashujaa wenye ngao. Alipiga yowe hata mamake akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Aliongeza la pili. Na la tatu. Alipopata la saba alinyamaza kidogo.

"Na hii wanalipisha pesa ngapi?"

"Hawalipishi."

"Kwa hivyo walioitengeneza walipata nini?"

Nilimwambia nadhani walicheka, kama yeye alivyocheka. Hakuonekana kuridhika. Alifikiri kidogo, kisha akaenda chumbani, akarudi na daftari la hesabu, akalifungua nyuma.

"Niambie zile zingine."