Fyuzi Anaiheshimu, Tochi Anaikwepa

Kazi yenyewe haimalizi hata saa moja. Kifuniko cha kisanduku cha fyuzi kinafunguliwa chini ya dashibodi, kisha testa inagusishwa kwenye fyuzi moja baada ya nyingine mpaka ipatikane ile inayopata umeme ufunguo unapowashwa na kuukosa unapozimwa. Fyuzi hiyo inachomolewa, na mahali pake panachomekwa adapta yenye nafasi mbili: moja ya fyuzi ya awali, nyingine ya fyuzi mpya ya ampea 2 au 3. Hapo ndipo unapoanzia waya mwekundu. Unapandishwa nyuma ya plastiki ya nguzo ya kioo cha mbele, unasukumwa kwa ncha ya kidole ndani ya mshono wa dari, mpaka unatokea karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Waya mweusi unafungwa kwenye bolti iliyoingia katika bodi, palipo na chuma kitupu kisichopakwa rangi. Mwishoni kinachomekwa kidude kinachoenea kiganjani: kitambuzi cha rada, ambacho kazi yake ni kumtonya dereva kwamba huko mbele kuna askari anayepima mwendo.

Huko Marekani biashara ya vitambuzi ilishamiri tangu miaka ya 1970, na mwaka 1978 kampuni ya Cincinnati Microwave ilitoa Escort, kitambuzi kilichokuwa kikali kuliko vilivyotangulia. Kwa magari madogo ya binafsi, ni jimbo la Virginia na mji mkuu, Washington, tu vinavyokataza kitambuzi. Wengi huanza kwa kukichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, kisha wanachoshwa na waya unaoning'inia mbele ya redio, na ndipo wanapoamua kukiunga moja kwa moja na umeme wa gari. Uamuzi huo ni mdogo, lakini ndani yake mna jambo ambalo ningependa tulitazame kwa makini. Mtu anayefunga kitambuzi kwa uangalifu anaheshimu kikomo kimoja ili apate kukikwepa kingine. Anaweka fyuzi, ambayo ni kikomo cha umeme, ili kulisha kifaa kinachomsaidia kupuuza kikomo cha mwendo. Hoja yangu ni kwamba vikomo hivyo viwili vimeundwa kwa akili ile ile, na anayekielewa cha kwanza hana pa kusimama anapokidharau cha pili.

Tuanze na fyuzi, maana wengi hudhani kazi yake ni kukilinda kifaa. Sivyo. Kitambuzi cha rada kinakula umeme kidogo sana, chini ya nusu ampea. Betri ya gari, kwa upande wake, inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mpigo, kwani ndiyo inayozungusha stata. Kati ya vitu hivyo viwili upo waya mwembamba uliopita nyuma ya plastiki, chini ya zulia na juu ya dari, usikoonekana na mtu. Siku ngozi ya waya huo ikichubuliwa na ukingo mkali wa bati na shaba ikagusa bodi, umeme wote wa betri utataka kupita hapo. Waya utageuka kuwa kama ule wa hita ya kuchemshia maji, plastiki itayeyuka, na moto utaanzia mahali ambapo hakuna mkono unaofika. Ndiyo maana fundi huchagua fyuzi kwa kuangalia unene wa waya, na huiweka karibu na umeme unakotoka. Fyuzi hupimwa kwa uwezo wa kile kilicho dhaifu kuliko vyote katika njia nzima. Nguvu ya betri haiulizwi, wala ubora wa kifaa.

Kuna kikomo kingine ambacho fundi huyo hukitii bila kunung'unika. Kifaa kinachokula robo ampea, kikiungwa kwenye fyuzi ambayo umeme wake haukatiki gari linapozimwa, kitanyonya ampea-saa 6 kwa siku moja na 42 kwa wiki. Betri ya gari dogo mara nyingi haibebi zaidi sana ya hapo, kwa hiyo mwenye gari akisafiri wiki moja atarudi na kukuta gari halina hata mlio. Vivyo hivyo waya haupitishwi mbele ya mfuko wa hewa uliofichwa kwenye nguzo ya kioo, ili mfuko huo ukifumuka siku ya ajali usikute kizuizi. Masharti yote haya yanalinda dhidi ya jambo ambalo kwa siku nyingi halitatokea. Hata hivyo hakuna fundi mwenye akili timamu anayesema kwamba yeye ni hodari, waya wake umepita vizuri, basi fyuzi si lazima.

Lakini maneno hayo hayo, neno kwa neno, ndiyo tunayoyasikia kuhusu mwendo. Gari langu ni jipya, breki zangu zinashika, nimeendesha miaka ishirini. Hayo ni maelezo ya betri na kifaa, ilhali barabara nayo ina waya wake mwembamba: mtoto anayevuka akifuata mpira, mzee anayekadiria vibaya umbali, mwendesha baiskeli asiye na taa. Kikomo cha mwendo huwekwa kwa kipimo cha hao. Fizikia nayo haina upendeleo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa lina nishati ya mgongano zaidi ya mara mbili na nusu ya lile linalokwenda 50, ingawa kwa dereva aliyekaa kwenye kiti laini tofauti hiyo haisikiki sana. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali yenye kuua huongezeka kwa asilimia 4. Kama ilivyo kwa waya, mzigo unazidi polepole bila kuonekana, na madhara yanakuja kwa ghafla.

Sasa kitambuzi kinajua nini kuhusu haya? Hakijui lolote. Rada ya askari hutuma mawimbi, yakagonga gari na kurudi yakiwa yamebadilika kidogo. Kwa bendi ya gigahezi 24.15, kila kilomita moja ya mwendo kwa saa hubadilisha wimbi kwa hezi 45 hivi, na mashine huyageuza mabadiliko hayo kuwa namba kwenye kioo. Kitambuzi chenyewe hakipimi kitu, ni sikio tu la kunasa mawimbi hayo. Shida ni kwamba milango ya madukani inayojifungua yenyewe hutumia bendi hiyo hiyo, na baadhi ya magari ya kisasa hurusha mawimbi ya namna hiyo kuchungulia pembeni pasipoonekana na dereva. Kwa hiyo kifaa kitapiga kelele mbele ya duka la vyakula, kisha kitanyamaza kimya mbele ya ng'ombe aliyesimama katikati ya lami. Habari zote kinazoleta ni za mahali alipo askari, na habari za barabara dereva anapaswa kuzitafuta kwingine.

Hata katika kazi hiyo moja, kinazidi kushindwa. Askari mzoefu haachi rada yake ikirusha mawimbi saa nzima; huishika kimya mpaka gari limekaribia, akabonyeza, na kabla dereva hajainua mguu kipimo kimeshatoka. Bunduki za leza zimeongeza ugumu, kwani mwale wake katika umbali wa mita 300 hauzidi sana upana wa mita moja. Mara nyingi mlio wa kitambuzi kwa leza una maana moja: umeshapimwa. Zaidi ya hapo, vitambuzi vingi hufanya kazi kwa kutengeneza mawimbi yao wenyewe ndani, na sehemu ya mawimbi hayo huvuja. Polisi wakapata kifaa cha kuunasa huo uvujaji, hivyo msikilizaji naye anasikilizwa. Kwa dereva wa lori kubwa la biashara nchini Marekani jambo hili si la mzaha, kwa sababu tangu mwaka 1994 kanuni za serikali kuu zinamkataza kutumia kitambuzi katika jimbo lolote.

Watetezi wa kifaa hiki wana hoja zao, na hazistahili kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mlio wa kitambuzi hupunguza mwendo, na hilo si ndilo wanalolitaka polisi? Ni kweli mguu hutoka kwenye mafuta. Lakini unatoka pale mlio unaposikika na kurudi pale unapokoma. Kitambuzi humzoesha dereva kuamini kwamba ukimya maana yake ni usalama, kana kwamba hatari hufika na askari na kuondoka naye.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: vikomo vingine ni vya hovyo. Marekani ina mfano wake maarufu. Januari 1974 Rais Richard Nixon alisaini sheria ya kuweka kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani takriban kilomita 89, nchi nzima. Sababu ilikuwa kubana matumizi ya mafuta baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta yao mwaka 1973. Madereva wa masafa marefu waliiona kama kikwazo kisicho na maana, na katika hasira hiyo vitambuzi vilipata wateja. Hata hivyo vifo vya barabarani vilishuka kutoka zaidi ya 54,000 mwaka 1973 hadi karibu 45,000 mwaka 1974, ingawa upungufu wa mafuta nao uliwaweka wengi nyumbani. Sheria ililegezwa mwaka 1987 na kufutwa mwaka 1995, na watafiti walikuja kukadiria kwamba kupandishwa kwa vikomo kulichangia vifo zaidi ya 12,500 katika miaka 10 iliyofuata. Mtu anaweza kuona kwamba gharama hiyo ni kubwa mno, au kwamba muda uliookolewa una thamani yake. Muhimu ni kwamba Bunge lilijadili na kuamua hadharani. Fyuzi ikiwa ndogo kupita kiasi, dawa ni kukagua waya na kuweka fyuzi nyingine inayofaa. Kuna wanaochomeka msumari mahali pa fyuzi ili taa ziwake, na zinawaka kweli, mpaka siku gari linapoungua.

Hoja ya tatu inahusu haki. Askari hujificha kichakani kwa ajili ya faini, mashine zao zinaweza kukosea, na mawimbi yanayopita hewani hayana mwenyewe. Malalamiko haya mengine ni ya kweli, ila kitambuzi hakijibu hata moja. Hakithibitishi kwamba ulikuwa unakwenda 50 wakati mashine ilisema 70. Anayeogopa kuonewa anahitaji ushahidi, na kamera ya dashibodi yenye kurekodi mahali na mwendo ingemfaa zaidi mbele ya hakimu. Nayo hufungwa kwa adapta ile ile, fyuzi ile ile na waya uliopita njia ile ile.

Kwetu Afrika Mashariki wachache wamewahi kuusikia mlio huo, lakini tabia yenyewe tunaijua vizuri. Tanzania mashine ya kupima mwendo imepewa jina la tochi, na dereva aliyekwisha kuipita huwapigia taa wanaokuja, nao hushuka hadi 50 kwenye kijiji kinachofuata, kisha kijiji cha pili wanakipita kama kawaida. Kenya, tangu kanuni za Waziri John Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, matatu zilitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80, ambavyo ni fyuzi hasa, na kama ilivyo kwa fyuzi, kuna waliotafuta namna ya kuviruka. Tunashiriki basi katika mgongano ule ule wa dereva wa Marekani, tofauti ni kwamba kitambuzi chetu hakihitaji waya.

Hata hivyo barabara zetu hizo hizo zina ishara nyingine ya zamani. Lori likikwama kwenye kona, utingo hukata matawi na kuyapanga juu ya lami, hatua kwa hatua, mita nyingi kabla ya lori lenyewe. Dereva anayefika usiku huona majani mabichi kwenye mwanga wa taa zake na kuondoa mguu kwenye mafuta. Hakuna faini anayoikwepa, wala askari aliyemkimbia. Amepewa habari za barabara na mtu asiyemjua, na amepunguza mwendo kwa sababu huko mbele, chini ya lori, kuna mtu amelala chali akifungua nati.