Sauti ya Kamini Ilikuwa ya Nani?

Huenda umewahi kuona sinema ya Kihindi, au umesikia nyimbo zake redioni. Mchezaji anafungua mdomo. Sauti tamu inatoka, ukumbi mzima unatulia. Lakini sauti ile si yake. Yeye anachezesha midomo tu. Mwenye sauti yuko kwingine, wala hatumwoni.

Zamani hata jina la mwenye sauti halikuandikwa. Hebu tuone jinsi wimbo mmoja ulivyotengenezwa mwaka 1949 katika mji wa Bombay, India. Mji huo siku hizi unaitwa Mumbai. Tuone pia jinsi watu walivyoupokea wimbo huo, na jinsi walivyomtafuta mwimbaji wake.

Sinema yenyewe iliitwa "Mahal", maana yake jumba la fahari. Wimbo uliitwa "Aayega Aanewala". Ni wimbo wa kungojea mtu.

Hapo kwanza waliimba wenyewe

Sinema ya kwanza ya India yenye sauti ilikuwa "Alam Ara". Ilionyeshwa Bombay mwaka 1931. Kabla ya hapo sinema zilikuwa bubu. "Alam Ara" ilikuwa na nyimbo 7, na watu walijazana kuiona.

Kazi yake haikuwa ndogo. Wakati ule hawakuwa na njia ya kurekodi wimbo peke yake na picha peke yake. Mchezaji ilibidi acheze na aimbe palepale, mbele ya kamera. Wapiga ala walifichwa pembeni, mahali ambapo kamera haifiki. Tena studio ilikuwa karibu na njia ya reli. Treni ikipita, kazi imeharibika. Basi walifanya kazi usiku wa manane, wakati treni zimepungua.

Palikuwa na shida nyingine. Mwenye sura nzuri huenda hana sauti, na mwenye sauti huenda hajui kucheza. Wawili hawa utawaunganishaje?

Jibu lilipatikana mwaka 1935 katika studio ya New Theatres, mjini Calcutta. Katika sinema ya "Dhoop Chhaon" walirekodi nyimbo kwanza. Siku ya kupiga picha, wimbo ulipigwa kwa spika. Wachezaji wakaufuatisha kwa midomo, na kamera ikawapiga picha. Baadaye sauti na picha viliunganishwa. Baada ya miaka michache karibu kila studio ilifuata njia hiyo, na inafuatwa hadi leo.

Kutunga wimbo wa "Mahal"

Katika sinema za Kihindi, wimbo hauanzi na mwimbaji. Mwenye kuongoza sinema anamwita mtunzi wa muziki na kumsimulia hadithi. Anamwambia: hapa mwanamke anamngojea mpenzi wake, hapa watu wanasherehekea mavuno. Mtunzi anakaa na kinanda chake, anatafuta mahadhi. Mshairi naye anaandika maneno. Mara nyingi mahadhi huja kwanza, na mshairi analazimika kuyapima maneno yake yaingie humo. Ni kama kushona nguo ya mtu kwa kitambaa kilichokwisha katwa!

"Mahal" iliongozwa na Kamal Amrohi, na ilikuwa sinema yake ya kwanza kuongoza. Mtunzi wa muziki alikuwa Khemchand Prakash. Maneno aliandika mshairi aliyeitwa Nakhshab. Hadithi ni hii: kijana mmoja anafika katika jumba kuukuu, kimya kabisa. Usiku anasikia mwanamke akiimba. Anamfuata, hamwoni vizuri. Mwanamke huyo anajiita Kamini, na watu wanadhani ni mzimu.

Aliyecheza nafasi ya mwanamke huyo ni Madhubala, msichana wa miaka 16 hivi. Aliyeimba ni Lata Mangeshkar, mwenye umri wa miaka kama 20.

Lata hakuwa mtu mwenye jina wakati ule. Baba yake, mwimbaji na mwenye kundi la maigizo, alifariki mwaka 1942. Lata alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano. Mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye, naye alikuwa na miaka 12 tu. Akaingia kazini. Mwenye studio mmoja alimkataa, akasema sauti yake ni nyembamba mno. Mtunzi Ghulam Haider alipinga hayo, akampa nyimbo.

Sasa, sauti ya mzimu inatakiwa itoke mbali, halafu isogee polepole. Leo fundi anabonyeza kitufe, basi. Mwaka 1949 kitufe hicho hakikuwako. Walifanyaje?

Waliweka maikrofoni, yaani chombo cha kunasa sauti, katikati ya chumba. Lata akasimama pembeni kabisa. Akaanza kuimba maneno ya mwanzo huku akitembea taratibu kuelekea kwenye maikrofoni. Hatua na wimbo ilibidi viende pamoja. Maneno ya mwanzo yalipokwisha, naye alitakiwa awe amefika. Akiwahi, wimbo umeharibika. Akichelewa, vilevile. Hapakuwa na kukata kipande kibaya na kubandika kizuri. Mmoja akikosea, awe mwimbaji au mpiga ngoma, wote wanaanza upya.

Mimi naona hatua zile chache ndizo zilizoupa wimbo uhai. Ukiusikiliza leo, bado unahisi mtu anakukaribia gizani.

Jina kwenye sahani

Sinema ilipotoka, watu waliupenda wimbo huu kupita kiasi. Sahani za santuri zilinunuliwa, redio ikaupiga. Wasikilizaji wakaanza kuiuliza redio ya India: Jamani, nani anaimba?

Redio haikuwa na jibu. Kwenye sahani paliandikwa kwamba mwimbaji ni "Kamini". Ndiyo, Kamini yule mzimu! Na kichekesho ni kwamba hata ndani ya sinema Kamini si mtu wa kweli. Mwishoni inajulikana kwamba ni binti wa mtunza bustani aliyejifanya mzimu. Basi kampuni ilimpa sifa mtu ambaye hayupo, na mfanyakazi aliyetoa jasho hakutajwa. Haikuwa kwa Lata tu. Ndiyo ilikuwa desturi ya siku hizo: sahani ilibeba jina la mtu wa kwenye hadithi.

Redio iliomba jina kwa kampuni ya sahani, kisha ikalitangaza. Tangu hapo desturi ile ya kuficha majina ikaanza kufa. Mtunzi Khemchand Prakash hakufaidi sana. Alifariki miaka hiyohiyo.

Nyimbo za namna hii zilivuka bahari. Miaka ya 1950 kumbi za sinema za Unguja, Dar es Salaam na Mombasa zilijaa watu siku za sinema za Kihindi. Wengi hawakujua Kihindi, lakini nyimbo walizishika. Waimbaji wa taarabu wakachukua mahadhi yake na kutia maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alipata sifa kubwa kwa njia hiyo. Ni nadra mtunzi wa Bombay kutajwa katika nyimbo hizo. Kumbe jina linaweza kupotea hata pwani ya pili.

Jina peke yake halitoshi

Mwaka 1957 watunzi Shankar na Jaikishan walipewa zawadi ya Filmfare kwa muziki wa sinema ya "Chori Chori". Walimwomba Lata aje aimbe kwenye sherehe. Akakataa. Aliwaambia zawadi ni ya watunzi, waimbaji hawana zawadi yao. Basi waacheze wapiga ala, bila mwimbaji. Mwaka 1959 zawadi ya waimbaji ilianzishwa, na aliyeipata kwanza ni yeye.

Kisha likaja suala la fedha. Mwimbaji alilipwa mara moja, siku ya kurekodi. Sahani ziliendelea kuuzwa miaka na miaka, na faida ilikwenda kwa wengine. Lata alidai mrabaha, yaani sehemu ndogo ya fedha kila sahani inapouzwa. Mohammed Rafi, mwimbaji mkubwa mwenzake, hakukubaliana naye. Yeye alisema mwimbaji akishalipwa, kazi imekwisha. Walitofautiana hata wakakaa miaka kadhaa ya 1960 bila kuimba pamoja. Rafi hakuwa na choyo, lakini kwa hili naona Lata ndiye aliyeona mbali.

Watunzi nao walikuwa na kesi yao. Mwaka 1977 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua kwamba kazi iliyotungwa kwa malipo kwa ajili ya sinema ni mali ya mwenye sinema. Ilichukua miaka 35 kubadili hali hiyo. Mwaka 2012 Bunge la India lilirekebisha sheria. Watunzi wa mahadhi na wa maneno wakapata haki ya mrabaha, na waimbaji pia wakatambuliwa. Lata aliishi kuyaona hayo. Alifariki mwezi Februari, 2022.

Na wapiga ala je? Hao ndio waliosahauliwa zaidi. Wengi wao walitoka Goa. Kule Wareno walitawala muda mrefu, na vijana walifundishwa kusoma muziki ulioandikwa katika shule za kanisa. Mtunzi alitoa mahadhi, na mara nyingi watu hawa ndio waliogawa kazi: fidla ziingie hapa, tarumbeta ipumzike hapa. Walilipwa kwa siku, wakaenda zao.

Mmoja wao aliitwa Anthony Gonsalves, mpiga fidla. Alimfundisha fidla kijana Pyarelal. Kijana huyo akakua, akawa mtunzi mashuhuri pamoja na mwenzake Laxmikant. Mwaka 1977 walitunga nyimbo za sinema "Amar Akbar Anthony". Katika wimbo mmoja mchezaji anatokea ndani ya yai kubwa na kujitaja jina kwa mbwembwe: Anthony Gonsalves. Watu wakacheka, wakauimba mitaani. Wengi walidhani ni jina la kubuni. Mwenye jina alikuwa hai, Goa, na aliishi hadi mwaka 2012.