Usufi wa Jani la Ai

Lilikuwa jani kavu, dogo kuliko kiganja. Juu ni kijani kilichofifia. Ukiligeuza, mgongo umejaa vinywele vyeupe, laini kuliko malaika ya mkononi. Bibi mmoja wa Qichun, mkoani Hubei, aliniwekea mkononi akaniambia nilifikiche. Nikafikicha. Unga ukapukutika, ukaenda na upepo, na vidoleni kikabaki kifundo cha nyuzi mithili ya usufi wa mto.

“Hicho ndicho tunachokiwasha,” akasema.

Nilikuwa mwanafunzi Wuhan, na hadi siku ile nilidhani Wachina hutibu kwa kuchoma mizizi ya ajabu. Kumbe ni majani ya ai, mmea wa ukoo mmoja na pakanga, na ni jamaa wa mmea uliotoa artemisinini, dawa ya malaria iliyompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Ila hapa jani haliliwi wala halinywewi. Huwashwa juu ya ngozi au karibu nayo, joto liingie pale tabibu anapotaka. Tiba hiyo huitwa jiu.

Qichun ndiko alikozaliwa Li Shizhen (1518–1593), mwandishi wa kitabu cha dawa kiitwacho Bencao Gangmu, na watu wake wanaionea fahari ai yao. Huvunwa karibu na siku ya 5 ya mwezi wa 5 kwa kalenda yao ya mwezi mwandamo, wakati matawi yake hutundikwa milangoni. Kisha huanikwa, halafu huwekwa. Wengi husema miaka 3. Jani la mwaka huu bado lina mafuta mengi, na moto wake ni mkali. Likikaa ghalani mafuta hupungua, moto nao hupoa hasira.

Baada ya hapo ni kutwanga na kuchekecha, tena na tena. Kilo 5 za majani hutoa kilo 1 ya usufi wa kawaida, wenye chembe za vikonyo, unaosokotwa kwa karatasi kama sigara nene. Ule mwororo wa manjano hula kilo 30 au zaidi kwa kilo 1. Huo ndio unaofinyangwa vijipia vidogo kama punje ya mchele na kuwekwa juu ya ngozi yenyewe, kwa hiyo hauvumilii uchafu.

Mimi nilijifunza hayo kwa kovu. Nilinunua msokoto wa bei ya chini dukani, kikonyo kikapasuka motoni, cheche ikaniangukia kifundo cha mkono. Sasa nikinunua, kwanza naminya: usufi mzuri hushikamana, haukwaruzi.

Kwa vijipia vikubwa huwekwa kizuizi kati ya moto na ngozi: kipande chembamba cha tangawizi kilichotobolewa kwa sindano, au kitunguu saumu. Kitovuni hujazwa chumvi, tangawizi ikalazwa juu yake, maana chumvi ikipata moto hurukaruka. Mgonjwa akisema panachoma, kijipia huondolewa palepale. Ndiyo maana mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni hafai kuwekewa moto huo: hatausikia.