Raduga ya 1925 Si Raduga ya Miaka ya 80

Swali limerudi tena: "Nina kitabu cha mashairi ya watoto cha Marshak, tafsiri ya Kiingereza, chapa ya Raduga, mwaka 1925. Nikiuze kwa bei gani?" Kitabu hicho hakipo. Kilichopo mkononi mwako ni kitu kingine, na nimechoka kuona watu wakitozwa pesa nyingi kwa sababu ya jina moja.

Kulikuwa na Raduga mbili. Ya kwanza ilikuwa kampuni binafsi ya uchapishaji ya Lev Klyachko, iliyoanza Petrograd (baadaye Leningrad) mwaka 1922 na kufa mwaka 1930. Hiyo ndiyo iliyowakutanisha Samuil Marshak na mchoraji Vladimir Lebedev katika "Tsirk" na "Morozhenoe", vyote vya 1925, kwa Kirusi. Ya pili ilikuwa ya serikali, ikaundwa Moscow mwaka 1982 kutokana na Progress, shirika lililochapa vitabu kwa lugha za kigeni, Kiswahili kikiwamo. Kilichoziunganisha ni jina tu. Anayekuuzia tafsiri ya "Raduga, 1925" amechukua mwaka wa shairi akaubandika kwenye karatasi ya miaka ya 80.

Utaniambia picha ni zilezile. Hazithibitishi kitu. Vitabu vya Lebedev vya miaka ya 20 vilikuja kurudufiwa huko huko Leningrad, picha kwa picha. Tena, mwaka 1936 gazeti la Pravda liliwashambulia wachoraji wa vitabu vya watoto, Lebedev akiwa miongoni mwao. Baadaye akachora kwa mtindo mwingine kabisa, laini, unaofuata uhalisia. Kwa hiyo hata jina lake kwenye jalada halikuambii mwaka.

Chukua lenzi. Chapa ya jiwe ina rangi bapa zenye chembechembe zisizo na mpangilio. Chapa ya ofseti ya rangi nne ina vidoto vilivyojipanga safu kwa safu. Ukiviona vidoto, acha kuota 1925.

Mengine ni mafupi. Soma maelezo ya uchapaji, mara nyingi yako ukurasa wa mwisho. Hesabu kurasa. Usibandike selotepu, wala usianike kitabu juani. Pini zikishika kutu, mpe fundi wa kujalidi azitoe. Ukipenda picha tu, nunua toleo jipya na ufurahi nalo.

Na kabla ya kuniuliza bei, niletee picha ya ukurasa wa maelezo ya uchapaji. Bila huo sijibu.